Upande wa Kiarabu

Katika sarafu kongwe za Uingereza imo moja ya shaba, upana wake milimita 36, ambayo mkusanyaji asiyejua Kiarabu huijua nusu tu. Nusu hiyo ni ya picha. Mzungu na Mwafrika wamesimama wakipeana mikono, nyuma yao kuna vijumba na watu wakicheza ngoma kando ya mti, na pembeni yamezunguka maneno ya Kiingereza yanayotangaza kwamba sisi sote ni ndugu. Chini yake imeandikwa kuwa biashara ya utumwa imekomeshwa na Uingereza, 1807. Ukiigeuza, picha hakuna. Upande wa pili wote ni hati ya Kiarabu, na maana yake ni hii: kuuza watumwa kumekatazwa mwaka 1807 wa Kimasihi, katika utawala wa Joji wa Tatu; hakika sisi sote ni ndugu.

Haikutolewa na mfalme, ijapokuwa jina lake limo. Iliagizwa na nyumba ya biashara ya Macaulay na Babington ya London, iliyokuwa ikipeleka bidhaa Sierra Leone na kuleta mazao ya huko. Wachongaji wa kalibu zake walikuwa G. F. Pidgeon, aliyeshika upande wa picha, na J. Phillip, aliyeshika upande wa maandishi. Mwaka uliochongwa ni wa sheria, si wa sarafu. Wataalamu wanauweka upigaji wake karibu na mwaka 1814. Huu ni mtego wa kwanza anaokutana nao kila anayejifunza fani hii, kwamba shaba haisemi uongo lakini pia haisemi umri wake.

Wakusanyaji wamebishana miaka mingi kama ni sarafu au nishani. Ukubwa wake ni wa peni, nayo ilikusudiwa kufika mikononi mwa watu wa Freetown na wafanyabiashara Waislamu wa Kifula na Kimandinka walioteremka kutoka bara, watu waliosoma na kuandika Kiarabu vizazi vingi kabla ya meli ya Macaulay kutia nanga. Lakini kazi yake ilikuwa kutangaza kuliko kununua. Waingereza wa siku hizo hawakuona tofauti kubwa baina ya mambo hayo mawili, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuzoea fedha zinazosema.

Mazoea hayo yalianza mwaka 1787 katika kisiwa cha Anglesey, kaskazini ya Wales. Kiwanda cha fedha cha mfalme kilikuwa kimeacha kupiga shaba tangu mwaka 1775, na nyingi kati ya senti zilizokuwa zikizunguka zilikuwa bandia. Mwenye mgodi mkubwa wa shaba wa Parys, mwanasheria aitwaye Thomas Williams, aliona upuuzi wa kuwa na mlima wa shaba huku akikosa chenji ya kuwalipa wachimbaji. Akapiga peni zake mwenyewe, zenye uzito wa wakia moja, upande mmoja kichwa cha kuhani wa kale wa Kiwelisi aliyezungukwa na majani ya mwaloni, upande wa pili ahadi kwamba mwenye kuichukua atalipwa peni moja. Ukingoni zilitajwa London, Liverpool na Anglesey, mahali ambapo ahadi ingetimizwa. Wafanyabiashara wa miji mingine wakafuata, na katika miaka ya 1790 kila mji wenye duka la maana ulikuwa na nusupeni yake.

Ahadi ni deni, na deni la Williams lilikuwa na upande ambao haukuchongwa. Shaba yake haikwenda kwenye peni peke yake. Ilikwenda kwenye mabamba ya kufunika matumbo ya meli, kwenye sufuria, na kwenye bangili nzito za manila zilizokuwa bei ya watu katika pwani ya Afrika Magharibi. Mwaka 1788, Bunge lilipojadili kuibana biashara ya watumwa, Williams alipeleka malalamiko ya maandishi: yeye na washirika wake wametumia paundi 70,000 katika viwanda vya bidhaa zilizokusudiwa soko la Afrika tu. Hakuona haya kuitaja hesabu hiyo. Aliitaja kama hoja. Peni ya kuhani inapouzwa leo husifiwa kwa uzuri wa uchongaji, na kweli ni nzuri. Mwaka iliotokea peni hiyo ndio mwaka uliotokea muhuri wa wapinga utumwa, Mwafrika aliyepiga goti kwa minyororo akiuliza kama yeye si mtu na si ndugu. Muda si mrefu swali hilo nalo likapigwa kwenye nusupeni za shaba. Shaba ileile ilitoka na pingu na ikatoka na swali la aliyefungwa pingu.

Ukiiweka nusupeni hiyo kando ya ile ya Macaulay, jambo moja linaonekana bila kuhitaji darubini. Katika miaka isiyofika 30 mtu aliyepiga goti amesimama. Tena swali limekuwa tamko. Hilo si dogo, na wanaoliona kuwa maridhiano ya bei rahisi hawajalitazama goti lile kwa muda wa kutosha.

Wimbi la pili la sarafu za watu binafsi lilikuja mwaka 1811. Vita na Napoleon vilikuwa vimeifukuza fedha nzuri mifukoni, bei ya shaba ilipanda hata peni za mfalme zikawa na thamani zaidi zikiyeyushwa, na Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa imeacha tangu Februari 1797 kubadilisha noti kwa dhahabu. Waajiri walikuwa na noti za paundi na vibarua walihitaji shilingi. Basi wakatoa zao: peni za shaba kwa mamia ya aina, shilingi na nusushilingi za fedha, na huko Reading bwana mmoja, John Berkeley Monck, akathubutu mwaka 1812 kupiga ya dhahabu yenye thamani ya shilingi 40. Baadhi ya peni ziliandikwa wazi kwamba atakayeleta 240 atapewa noti ya paundi moja. Ni sentensi ya duka, lakini ina ufupi na mizani ambayo mtunzi yeyote angeitamani. Thomas Halliday wa Birmingham alichonga kalibu nyingi za wakati huo, na anayezizoea kazi zake huutambua mkono wake kama msomaji wa tenzi anavyoutambua mkono wa mnakili.

Walioumia ni wale wasiokuwa na uwezo wa kupanda gari hadi mji uliotajwa ukingoni. Ahadi ya kulipwa Sheffield si ahadi kwa mama aliyeko Leeds mwenye peni tatu. Bunge likazipiga marufuku peni hizo kwa sheria ya mwaka 1817, kuanzia tarehe 1 Januari 1818, isipokuwa zile zilizotolewa na wasimamizi wa maskini wa Sheffield na nyumba ya maskini ya Birmingham, zilizoongezewa muda kwa sababu kuziondoa ghafla kungewaangamiza wanyonge. Nyingine zikawa vyuma vya kuyeyushwa. Zilizobaki ni zile zilizopotea: zilizoanguka chini ya mbao za sakafu, zilizosahauliwa katika mkoba, zilizochukuliwa na mtoto.

Na zile alizozichukua Sarah Sophia Banks. Kaka yake, Joseph Banks, alikuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi kwa zaidi ya miaka 40, katika nyakati ambazo jumuiya hiyo haikumpokea mwanamke yeyote. Yeye akakusanya vile ambavyo wanaume wa elimu waliviona takataka: tiketi, matangazo, kadi za watu wanaotembeleana, na sarafu za maduka zikiwa bado zinatumika. Watu walimcheka kwa magauni yake yaliyopitwa na wakati na mifuko yake mikubwa iliyojaa vitabu. Alifariki mwaka 1818, mwaka uleule peni za wenye maduka zilipopigwa marufuku, akaacha sarafu, nishani na tokeo za namna hiyo zaidi ya 9,000, nyingi zikaingia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Kilichowafaa watafiti wa baadaye kuliko sarafu zenyewe ni daftari zake. Aliandika nani alimpa nini. Kwa hiyo leo inajulikana si tu kwamba peni fulani ilikuwepo, bali ilipita mkono gani kabla ya kufika kwake. Wakusanyaji wengi waliomfuata, wenye pesa kumpita, waliziacha sarafu zao yatima.

Mwingine anayestahili kukumbukwa hakuwa na kaka mwenye cheo. William John Davis alizaliwa Birmingham mwaka 1848, akaingia kazi ya shaba ya manjano angali mtoto, na mwaka 1872 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi wa kazi hiyo. Aliiacha nafasi hiyo kwa miaka michache katika muongo wa 1880 alipokuwa mkaguzi wa viwanda, kisha akairudia; mwaka 1913 alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkuu wa vyama vya wafanyakazi wa Uingereza. Baina ya migomo na mabaraza alikuwa akikusanya sarafu. Mwaka 1895 alitoa kitabu cha sarafu za jimbo lake la Warwickshire, na mwaka 1904 kitabu kikubwa cha sarafu binafsi za karne ya kumi na tisa za Uingereza, Ireland, visiwa vya Mlangobahari na Isle of Man.

Kitabu hicho cha 1904 kikisomwa kama kazi ya mwanachuoni huonekana kikavu: herufi, namba, maelezo ya upande wa mbele na wa nyuma, tofauti ya nukta moja katika neno. Lakini kikisomwa kama kazi ya fundi wa shaba hubadilika. Davis aliijua kalibu inavyopasuka, na kwa nini ufa mdogo unaoanzia ukingoni unakua kutoka sarafu hadi sarafu, hata ukiziweka kwa mfuatano wa ufa unapata mfuatano wa siku zilizopigwa. Aliujua uchovu wa mashine na wa mtu. Majina ya waliotoa peni hizi ni ya wenye mali, na yamechongwa wazi. Majina ya wachongaji na mafundi yamefichwa katika kipande cha bega la mfalme au hayapo kabisa. Mtu aliyetumia maisha yake kudai ujira wa haki kwa mafundi ndiye aliyetumia jioni zake kuyatafuta majina yao. Hakuna mahali katika kitabu aliposema kwamba kazi hizo mbili ni moja. Hakuhitaji. Wako wasomi waliosoma vyuo vikuu walioziorodhesha sarafu hizi baada yake, kwa usahihi zaidi hapa na pale, na wote wameanzia kwake.

Wapenzi wa mashairi watauliza lipo wapi lao katika habari hii ya vyuma. Lao lipo katika peni kubwa za mwaka 1797, zilizopigwa kwa mashine za mvuke katika kiwanda cha Matthew Boulton huko Soho, nje kidogo ya Birmingham. Hizi zilikuwa za mfalme, si za duka, zenye ukingo mpana ulioinuka kama gurudumu la gari la ng'ombe. Wafungwa waliohukumiwa kupelekwa Australia walizipata, wakasugua uso wa mfalme hata ukatoweka, shaba ikawa laini kama ubao wa chuoni uliooshwa. Hapo wakaandika. Wengine walichonga kwa mistari, wengine walitoboa nukta moja baada ya nyingine kwa ncha ya sindano hadi nukta zikawa herufi: jina, jina la mpenzi au la mama, umri, muda wa adhabu, picha ya njiwa au ya mtu mwenye pingu, na aghalabu beti fupi inayomwomba mpokeaji akumbuke kila aitazamapo. Kisha mwenyewe akapanda meli. Miaka saba, 14, au umri wote. Jumba la Makumbusho la Taifa la Australia limehifadhi zaidi ya 300.

Beti hizo hurudiarudia. Vina vilevile, ombi lilelile, kutoka gereza hadi gereza na kutoka muongo hadi muongo. Mhakiki mwenye haraka ataziita za kuazima, na atakuwa amekosa. Mtu aliyebaki na siku chache na ubao wa upana wa vidole viwili hatafuti kuwa mpya. Anatafuta maneno ambayo mama asiyejua kusoma ataweza kusomewa na jirani na kuyashika mara moja. Washairi wa mwambao wanaijua hali hiyo. Beti za harusi na za msiba nazo hurudia, na hakuna anayezilaumu. Tena hapa kila herufi ilikuwa na gharama ya mkono. Zimo sarafu ambazo mstari wa mwisho umebanwa hata herufi zinapanda juu ya ukingo, kwa kuwa mchongaji hakupima, na zimo ambazo neno limekosewa na haliwezi kufutika tena. Wanunuzi hulipa zaidi kwa zile zilizochongwa vizuri. Ni hukumu ya kusikitisha kidogo.

Shaba iliyoandikwa juu ya shaba haikuwa kazi ya wafungwa peke yao. Serikali yenyewe ilifanya vivyo. Ilipokosa fedha mwaka 1797 ilichukua reale za Kispania na kugonga kichwa kidogo cha Joji juu ya shingo ya mfalme wa Spain; mwaka 1804 ikazipeleka reale hizo Soho zikapigwa upya kabisa. Benki ya Bishop, De Jersey na wenzao katika kisiwa cha Guernsey ilifanya hivyo mwaka 1809, na kutoka reale moja ya Kispania ikapata sarafu ya shilingi tano. Fedha hiyohiyo ya Spain ilifika Mombasa na Unguja, na watu wakaiita reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo mbili zilizopigwa juu yake waliziona kama mizinga. Mtafiti wa sarafu za Guernsey huinamisha kipande chake kwenye mwanga kutafuta mabaki ya herufi za kale chini ya mpya. Mara nyingi huyapata.

Kwa hiyo inafaa kurudi kwenye sarafu ya Macaulay na kuiinamisha nayo kwenye mwanga.

Zachary Macaulay hakuwa mtu wa maneno matupu. Akiwa kijana alifanya kazi katika shamba la miwa Jamaica, akaona kwa macho yake yale ambayo wengine waliyasoma, na maisha yake yaliyobaki akayatoa kuupinga utumwa. Alikuwa gavana wa Sierra Leone katika miaka ya 1790. Lakini pia alikuwa mfanyabiashara, na mwaka 1815 Robert Thorpe, aliyekuwa jaji mkuu wa koloni hilo, alichapisha shutuma kwamba nyumba ya Macaulay inajineemesha kwa jina la hisani. Mabishano yao yalikuwa makali na marefu. Sarafu ilikuwa imekwisha kupigwa.

Lililo zito zaidi limo katika pande mbili zenyewe, na halihitaji jaji. Kiingereza kinasema biashara ya utumwa imekomeshwa, na kinamtaja aliyeikomesha. Kiarabu kinasema kuuza watumwa kumekatazwa, na hakimtaji aliyekataza. Kinataja tu mwaka na mfalme wa zama hizo, kama wanahistoria wa Kiislamu wanavyotaja. Msomaji wa Futa Jallon angeweza kuelewa kwamba jambo limeharamishwa, basi, kwa kila mtu na kila mahali. Sheria ya 1807 haikusema hivyo. Iliwazuia Waingereza kufanya biashara hiyo baharini. Aliyekwisha kununuliwa Jamaica alibaki amenunuliwa hata sheria ya mwaka 1833 ilipopita, na kwa hakika hata mwaka 1838, na paundi milioni 20 za fidia wakapewa waliokuwa wakimmiliki.

Halafu liko neno ndugu. Neno la Kiingereza lililochaguliwa ni la mimbarini, wingi wa kizamani ambao muuza samaki wa London hakuutumia kwa nduguye wa tumbo. Upande wa Kiarabu, anayeisoma Kurani hawezi kulisikia neno hilo baada ya hakika bila kuikumbuka aya ya kumi ya Suratul Hujurat, inayowataja waumini kuwa ni ndugu. Lakini sarafu haikusema waumini. Ilisema sote. Aliyeitunga sentensi hiyo ya Kiarabu ama hakuisikia aya, ama aliisikia na akaipanua makusudi. Na ikiwa aliipanua, basi upande wa Kiarabu umesema zaidi ya ule wa Kiingereza. Kwa Kiswahili tafsiri ni rahisi mno. Ndugu ni mwanamume na ni mwanamke, wa tumbo na wa kijiji, na ndiyo maana neno hilo kwetu limebeba mengi hata likachoka.

Katika mwambao huu wa mashariki amri ya Joji haikufika. Mkataba wa Moresby ulikuja mwaka 1822, wa Hamerton mwaka 1845, na soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mashine za Soho zilikuwa zimekwisha kunadiwa mwaka 1850, zikanunuliwa na Ralph Heaton wa Birmingham. Kutoka kiwanda cha Heaton ndiko zilikotoka mwaka 1888 rupia za kampuni ya Waingereza iliyoishika Mombasa, nazo ni fedha za watu binafsi kama zilivyokuwa zile za Anglesey, zenye herufi ndogo H kwa anayejua pa kuangalia. Unguja na Pemba hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897. Katika pwani ya Kenya ilifutwa mwaka 1907, miaka 100 kamili baada ya ule uliochongwa kwa shaba, na fidia, kama ilivyokuwa Jamaica, ikawekewa mabwana.